RAMADHANI 19: Aliyebaki nyumbani kuuguza



Ndugu zangu katika imani, akina baba, akina mama, vijana wetu, na ninyi mnaosoma ujumbe huu mkiwa safarini au wodini: Ramadhani Karim. Sifa zote njema ni za Allah (s.w.), aliyetufikisha siku ya 19 tukiwa hai. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), watu wa nyumba yake na masahaba zake wote.

Sheikh wetu ameomba wiki hii ukumbusho wa kila siku uandikwe na akina mama, kila mmoja aseme jambo analolijua. Mimi si mwanachuoni. Ninachokijua ni kuuguza. Nimezaa watoto watano. Mmoja, wa kiume, ana miaka 11 na ana mtindio wa ubongo. Hatembei, hasemi, na chakula chake ni cha kulishwa kwa kijiko. Mwingine, wa kike, alikuwa na selimundu, na Allah alimchukua akiwa na miaka 6. Kwa hiyo leo naomba tuwazungumzie watu ambao mwezi huu hamuwaoni safuni, kwa sababu wamebaki nyumbani na mgonjwa. Kesho jua likizama tunaingia kumi la mwisho, na hao watakosekana tena.

*1. Badri ilikuwa na mtu aliyebaki*

Juzi, tarehe 17, masheikh wetu wametukumbusha vita vya Badri, mwaka wa 2 Hijria. Tumesikia habari za Waislamu mia tatu na ushee, silaha chache, na nusura ya Allah. Turudi Madina kidogo, kwenye nyumba moja.

Katika nyumba hiyo alikuwa amelala Ruqayya, binti wa Mtume (s.a.w.), mke wa Uthman bin Affan (r.a.). Alikuwa mgonjwa sana. Jeshi lilipotoka, Mtume alimwamuru Uthman abaki amuuguze mkewe. Uthman alibaki. Ruqayya akafariki, na baba yake bado hajarudi. Usama bin Zayd (r.a.), aliyekuwa kijana mdogo aliyebaki nyumbani hapo pamoja na Uthman, amesimulia kwamba habari ya ushindi iliwafikia, ikiletwa na baba yake Zayd bin Haritha, wakati watu wanasawazisha udongo juu ya kaburi la Ruqayya.

Hebu fikirini saa hiyo. Mji mmoja, siku moja. Huku watu wanapiga takbira kwa furaha, huku wengine wana udongo mikononi. Na Mtume mwenyewe anarudi kutoka kwenye ushindi mkubwa kuliko wote aliokuwa ameupata, anafikia kwenye kaburi la mwanawe.

Sasa sikilizeni jambo lililonifanya niandike. Imepokewa katika Sahihi ya Bukhari kwamba Mtume alimpa Uthman fungu lake la ngawira na kumwambia kuwa ana malipo ya mtu aliyehudhuria Badri. Hakurusha mshale. Hakukanyaga ule mchanga. Alikuwa anapeleka maji mdomoni kwa mgonjwa, na akahesabiwa pamoja na watu wa Badri.

Mama mwenzangu, wewe wa Nkwenda, wa Kaisho, wa Murongo, wa Omurushaka, unayesikia tarawehe kwa kipaza sauti kutoka ng'ambo ya migomba huku umempakata mtoto mwenye degedege, usijihesabu kuwa uko nje ya Ramadhani. Hujaachwa nyuma. Umebaki mahali ulipowekwa.

Nawaeleza daku ya nyumbani kwangu, mpate kuelewa. Saa tisa usiku naamka. Kabla sijainjika sufuria namgeuza mwanangu ubavu wa pili, maana akilalia upande mmoja muda mrefu ngozi inachubuka. Halafu namkalisha wima, nampa uji wa ulezi, kijiko baada ya kijiko, nasubiri ameze, kwa sababu ukimharakisha unaingia njia ya hewa. Inachukua karibu saa nzima. Siku nyingi adhana ya alfajiri inanikuta nimeshika kijiko chake, na mimi nimewahi maji tu. Zamani nilikuwa nasononeka kwamba Ramadhani za wenzangu zina khitma za Qur'ani na zangu zina vijiko. Nilipoisikia habari ya Uthman kwa mara ya kwanza katika darasa la akina mama, nilikaa kimya mpaka darasa likaisha.

Na ninyi akina baba, msinipite hapo. Aliyeamriwa abaki alikuwa mume. Hakuambiwa atafute mwanamke wa kukaa na mgonjwa ili yeye aende kwenye jambo kubwa. Kuuguza kulifanywa ndilo jambo lake kubwa. Wangu alhamdulillah yupo, na nguo za mtoto anafua. Lakini nawajua akina mama katika wilaya zetu hizi mbili ambao mtoto alipoonekana hana nguvu za miguu, baba naye akapoteza miguu ya kurudi nyumbani. Ndugu yangu, kama unasoma hapa na una mtoto wa namna hiyo uliyemwachia mama yake, kumi la mwisho linaanza kesho usiku. Mlango huo bado uko wazi.

*2. Tuache swali la "nani kafanya nini?"*

Mwanangu alipofikisha mwaka na shingo haijakaza, wageni walianza kuja. Wengine walikuja na sukari, wengine walikuja na maswali. Baba yake amechukua shamba la nani? Mama aliruka nini akiwa mjamzito? Bibi yake alifariki akiwa na kinyongo na nani? Mmoja alinielekeza kwa mganga ng'ambo ya mto, akanitajia na bei.

Ndugu zangu, tumwangalie Mtume (s.a.w.) mwaka wa 10 Hijria. Mwanawe Ibrahim, aliyezaa na Maria Mmisri, alifariki hajafikisha miaka miwili. Siku hiyohiyo jua likapatwa, mchana ukaingia giza. Watu wakasema, jua limepatwa kwa ajili ya kifo cha Ibrahim. Maneno hayo yalikuwa ya kumtukuza yeye na mwanawe, na yeye alikuwa na msiba. Mwingine angenyamaza. Yeye alisimama, akaswalisha swala ya kupatwa kwa jua, kisha akawafundisha kwamba jua na mwezi ni ishara mbili katika ishara za Allah, na havipatwi kwa kufa mtu wala kwa kuzaliwa mtu.

Baba aliyetoka kuzika alikataa watu wasome msiba wake kwenye jua. Basi kama jua halikupatwa kwa ajili ya mtoto wa Mtume, miguu ya mwanangu haikulegea kwa ajili ya shamba la babu yake.

Kuna atakayesema: mbona Qur'ani inasema misiba mingine ni kwa yale yaliyochumwa na mikono yetu? Kweli, lipo katika Suratu Shura, na hapohapo Allah anataja kwamba anasamehe mengi. Fundisho hilo ni la kila mtu kujitazama nafsi yake. Halikutupa ruhusa ya kwenda kwa jirani kumpigia hesabu ya dhambi. Na mtoto hana dhambi, wala nafsi haibebeshwi mzigo wa nafsi nyingine. Hayo nayo yamo katika Kitabu, katika Suratul An'am na Suratu Fatir.

Allah ameweka sababu, na kuzijua ni katika elimu. Mtindio wa ubongo unatokana na ubongo wa mtoto kuumia wakati bado unakua. Inaweza kuwa tumboni, au uchungu umekuwa mrefu na mtoto amekosa hewa, au baada ya kuzaliwa amepata manjano kali, homa ya uti wa mgongo, au malaria iliyopanda kichwani. Selimundu inarithiwa kwa wazazi wote wawili. Baba ana chembe moja, mama ana moja, wote wazima kabisa, wanalima na kubeba mizigo. Kila mimba ina nafasi moja kati ya nne ya mtoto kupata zote mbili na kuugua. Na madaktari wanatueleza kuwa chembe hiyo imeenea sana kanda yetu ya Ziwa kwa sababu mwenye moja hulindwa kwa kiasi na malaria kali. Kitu kilekile kiliwalinda mababu zetu, na kitu kilekile kimemuumiza mtoto. Hapo utamtafuta mchawi gani?

Wazee wa Kagera hili swali wanalijua gharama yake. Mwaka 1983 wagonjwa 3 wa kwanza wa ukimwi katika nchi yetu walitambuliwa katika mkoa huu huu. Kabla haujajulikana, watu waliuita Juliana, jina la kitambaa kilichokuwa kikiingia kwa magendo kutoka Uganda, na wengi waliamini ni uchawi wa wafanyabiashara waliodhulumiwa mali zao. Watu walikuwa wanamtafuta mwenye uchawi, na ugonjwa unaingia nyumba kwa nyumba. Wangapi kati yetu tumelelewa na bibi kwa sababu hiyo?

Na swali hilo likiachwa likue, linafika pabaya zaidi. Mwishoni mwa Mei 2024, huko Muleba, mkoa wetu huu huu, mtoto mdogo wa kike mwenye ualbino, hajafikisha hata miaka mitatu, aliporwa nyumbani mbele ya mama yake. Mwezi Juni akapatikana amekwisha kuuawa, na viungo vimekatwa. Mwenye kusema mwili wa mtoto fulani ni nuksi, na mwenye kusema mwili wake ni bahati, wanakunywa kisima kimoja. Wote wawili wamekataa kumwona kama kiumbe wa Allah. Kila tunapotania njiani kwamba nyumba fulani ina mkosi, tunachota kwenye kisima hicho. Tuogope.

*3. Machozi si kukosa subira*

Binti yangu alipofariki nililia. Mama mmoja mzuri tu, mwenye kunitakia kheri, akaniambia: nyamaza, utapoteza malipo yako. Nikajaribu kunyamaza siku tatu, kifua kikawa kama kimefungwa kamba.

Turudi tena kwa Ibrahim. Mtume alimpakata akiwa anakata roho, na macho yake yakamwagika. Abdurrahman bin Awf (r.a.) akashangaa, hata wewe, ewe Mtume wa Allah? Akamjibu kwamba hiyo ni rehema. Akafundisha kuwa jicho linatoka machozi na moyo unahuzunika, ila ulimi hausemi isipokuwa linalomridhisha Mola. Kwa hiyo kilichokatazwa ni kumlalamikia Allah kuwa amedhulumu, kupasua nguo, kujipiga. Machozi yamo ndani ya Sunna.

Nabii Yaqub (a.s.) alilia mpaka macho yakawa meupe, na bado Qur'ani inatutajia subira yake kuwa njema. Alisema anamshtakia Allah huzuni yake. Zingatieni: kumshtakia Allah. Hakujifanya hana huzuni. Na mama wa Nabii Musa (a.s.), baada ya kumweka mwanawe mtoni, Allah mwenyewe anatueleza katika Suratul Qasas kwamba moyo wake ulibaki mtupu, akakaribia kutoboa siri, kama Allah asingeutia nguvu moyo wake. Hakukaripiwa. Alitiwa nguvu, kisha akarudishiwa mtoto wake. Ukimkuta mama ana moyo mtupu, mtie nguvu. Usimkaripie.

Binti yangu, ugonjwa ukimpanda, maumivu yalianzia mikononi na miguuni. Alipenda nimkande kwa kitambaa cha maji ya moto, na alikuwa ananihesabia: mama, bado mara kumi. Safari za hospitali tulizifanya kwa bodaboda mpaka barabara kubwa, halafu gari. Baba yake alitoa damu, na jirani yetu Mkristo akatoa. Allah akapanga vingine. Mpaka leo nikimenya ndizi za futari mkono unamenya za watu saba, na tupo sita.

Wanawake wa Madina waliwahi kumwomba Mtume awatengee siku yao ya kuwafundisha, kwa sababu wanaume walikuwa wanawazidi. Akawatengea. Katika siku hiyo akawaambia kwamba mwanamke aliyetanguliwa na watoto wake watatu, hao watakuwa kinga yake na Moto. Mama mmoja akauliza: na wawili? Akasema, na wawili. Mimi humfikiria sana mama yule. Swali kama lile haulizi mtu ambaye hajazika. Na sisi tuliozika mmoja hatukuachwa, maana iko hadithi nyingine katika Bukhari ambayo Mtume anapokea kutoka kwa Mola wake, kwamba muumini akichukuliwa kipenzi chake katika watu wa dunia, naye akataraji malipo kwa Allah, hana malipo ila Pepo. Maneno haya siyasemi ili kufuta msiba wa mtu. Hayaufuti. Yanaupa mahali pa kuwekwa.

*4. Funga ya mgonjwa na ya anayemuuguza*

Hapa nimemwomba Sheikh apitie, kwa kuwa nimeona watu wakijiumiza.

• Allah ameruhusu mgonjwa na msafiri wafuturu, wazilipe siku nyingine. Lipo katika Suratul Baqara, na pamoja nalo ametaja kwamba anatutakia wepesi. Mgonjwa ambaye hatarajiwi kupona anatoa fidya, kibaba kimoja cha chakula kinacholiwa katika mji kwa kila siku, apewe maskini.

• Mwenye selimundu, upungufu wa maji mwilini unaweza kumwamshia maumivu makali. Mwenye kifafa, akiruka dozi, anguko linarudi. Msikae na kukisia. Nendeni kwa daktari, ulizeni kama dozi inaweza kuhamia futari na daku. Akisema usifunge, kutofunga kwako ndiko kumtii Allah.

• Mjamzito na anayenyonyesha, kwa madhehebu yetu ya Shafi, akihofia nafsi yake anafuturu na kulipa. Akihofia mtoto peke yake, anafuturu, analipa, na anatoa fidya. Kama hali yako ina utata, muulize Sheikh, usione haya.

• Mtoto au mtu mzima ambaye akili yake haipambanui, kalamu imeinuliwa kwake. Hana deni la funga wala la fidya. Msimshindishe njaa kwa kuona haya.

• Lakini zaka ya fitri anatolewa! Pishi moja, sawasawa na ya baba aliyefunga siku zote. Mimi kila mwaka nikipima pishi la mwanangu nafurahi kuliko mapishi yote. Mtoto asiyejua hata Ramadhani imeingia, siku ya Idi maskini anakula kwa jina lake. Yumo katika hesabu ya umma huu.

*5. Deni letu sisi jamaa*

Karagwe ilikuwa na sifa tangu zamani. Mwishoni mwa mwaka 1861, enzi za Mfalme Rumanyika, walifika wasafiri wawili Waingereza, Speke na Grant. Grant aliugua mguu vibaya, hawezi kutembea. Mwenzake alipoendelea na safari ya Buganda mwezi Januari 1862, yeye alibaki kwa Rumanyika mpaka Aprili, akitunzwa, kisha akaondoka kwa kubebwa. Miezi ile yote mgeni asiyetembea alikuwa na mahali pa kukaa katika nchi hii. Basi mwenyeji asiyetembea, mtoto wetu wenyewe, akose mahali?

Madina walikuwa na Ibn Umm Maktum (r.a.), kipofu. Jina analojulikana nalo ni la mama yake, mwana wa Umm Maktum. Suratu Abasa iliteremka kwa sababu yake. Mtume alimwachia mji wa Madina zaidi ya mara moja aliposafiri. Na katika Ramadhani, Bilal (r.a.) alikuwa anaadhini usiku bado, watu wanaendelea kula, na sauti iliyowaambia wakomeshe daku ilikuwa ya Ibn Umm Maktum. Masahaba wote, na Mtume akiwa miongoni mwao, walikuwa wanaanza funga yao kwa sauti ya mtu asiyeona. Alikuwa anasubiri aambiwe kuwa kumekucha, kisha anaadhini. Maana yake alikuwepo mtu wa kumwambia. Hapo kuna watu wawili wenye malipo.

Sasa tujiulize sisi, tukianza na haya machache:

• *Saa moja tu.* Kumi la mwisho, akina mama wawili wawili tugawane zamu. Usiku mmoja wewe ukae na mtoto wa mwenzio, yeye aende tarawehe. Usiku wa pili yeye akae. Muulize kwanza mtoto analishwaje, analala upande gani, dawa yake saa ngapi. Anayekaa anafanya kazi ya Uthman.

• *Futari ipelekwe.* Tunafuturisha msikitini, mashaallah. Mwenye mgonjwa hawezi kuja na sufuria. Kijana mmoja mwenye baiskeli anatosha kwa kitongoji kizima.

• *Kizingiti cha msikiti.* Misikiti yetu mingi ina ngazi mbili tatu mlangoni. Udongo, mawe na mfuko wa saruji vinatosha kutengeneza njia ya baiskeli ya magurudumu matatu au kiti cha magurudumu. Vijana wa msikiti, kazi hii ni ya Jumapili moja.

• *Tusimkaripie mtoto anayepiga kelele.* Mwanangu akifurahi anapiga ukelele. Akisikia Qur'ani anafurahi. Mtume (s.a.w.) alikuwa akisikia mtoto analia anafupisha swala kwa kumhurumia mama yake. Hakuagiza mama atoke nje.

• *Tuwasaidie kupata haki zao.* Ipo Sheria ya Watu Wenye Ulemavu Namba 9 ya mwaka 2010. Katika ile asilimia 10 ya mapato ya halmashauri inayokopeshwa vikundi, 2 zimetengwa kwa watu wenye ulemavu. Bukoba ziko shule za Mugeza zenye kupokea wasioona, wenye ualbino na viziwi. Mtoto kiziwi wa Mabira hana sababu ya kuchunga mbuzi maisha yake yote kwa kuwa hatukujua pa kumpeleka. Mwenye uwezo wa kuandika barua, amwandikie asiyeweza.

• *Siku ya Idi watoke.* Mtume aliamrisha hata wanawake walio katika hedhi watoke kwenda kushuhudia kheri na dua za Waislamu, ingawa hawaswali. Basi nani wa kufungiwa chumbani siku ile? Najua nyumba ambazo mtoto hufungiwa wageni wakija. Hatufungi kwa ubaya, tunaogopa macho ya watu. Mwaka huu macho yetu yabadilike, ili milango ifunguke. Mkimwona mtoto amebebwa mgongoni na ni mkubwa, miguu inaning'inia, msigeuze uso na msimkodolee. Mpeni mkono wa Idi. Mwambieni jina lake. Mama yake ataikumbuka siku hiyo.

Ndugu zangu, katika Bukhari na Muslim tunasoma habari ya mwanamke mmoja mweusi aliyekuwa na kifafa, akamwendea Mtume kuomba dua. Akapewa hiari: akisubiri ana Pepo, akitaka ataombewa apone. Akachagua subira. Kisha akaomba jambo moja tu, kwamba akianguka asifunuke nguo mbele ya watu. Mtume akamwombea hilo. Mwanamke mwenye ahadi ya Pepo mkononi bado alihitaji heshima yake hapa duniani. Aliihitaji, na Mtume hakumwambia kwamba Pepo inamtosha.

Na sisi tusiwaambie wagonjwa wetu na mama zao kwamba Pepo inawatosha, kisha tukaenda zetu. Wanahitaji kufunikwa: kwa kanga akianguka, kwa kauli njema akitajwa, kwa sahani ya futari, kwa saa moja ya usingizi.

*Dua*

Ewe Allah, Wewe unawajua waliobaki majumbani usiku huu kwa ajili ya mgonjwa. Waandike pamoja na wenye kusimama. Waponye wagonjwa wetu, na ambaye umempangia kubaki na maradhi yake, mpe wepesi na umpe watu. Walinde watoto wetu wenye ualbino na wote wenye viungo dhaifu na shari za waja Wako. Wakutanishe wazazi waliozika na watoto wao katika Pepo Yako. Warudishe akina baba waliokimbia. Tuvushe kumi hili la mwisho, utufikishe usiku wa Laylatul Qadr, mwenye kuswali na mwenye kuuguza. Amin.

Jumamosi hii baada ya swala ya alasiri, akina mama tutakutana upande wetu wa msikiti kupanga zamu za kukaa na wagonjwa. Usiyeweza kufika kwa sababu una mgonjwa, tuma neno, tutakuja sisi kwako.

Mfikishie ujumbe huu jirani asiye na simu, msomee.

Wassalaamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.